Shangazi, nijisomee AP Baiolojia mwenyewe au niache?

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 16, niko darasa la 11 hapa Texas, wazazi wangu ni wa Tanga. Shule yetu mwaka huu wamefuta AP Baiolojia (AP ni somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari) manake waliojiandikisha walikuwa wachache, na mimi nataka kusomea udaktari. Baba anasema nijisomee tu nyumbani, mtihani nikafanye mwezi wa tano. Mama anasema nitajichosha bure, tayari nina AP ya Kalkulasi na ya Kemia na Jumamosi nafanya kazi dukani. Mimi naogopa vyuo vitaniona mvivu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo hofu ya kuonekana mvivu itoe kabisa, kwa sababu ukiomba chuo shule yako inatuma na maelezo ya masomo inayofundisha, kwa hiyo wanaona wazi kwamba hilo darasa halikuwepo, na hakuna anayekulaumu kwa kitu ambacho hukupewa.

Na baba naye, kwa heshima zote, aelewe kwamba ukipata 5, alama ya juu kabisa ya mtihani wa AP, haina maana umemalizana na baiolojia. Vyuo vingi vinatoa krediti, yaani vinakuhesabia somo kama umelisoma chuoni, kwa 4 au 5, vingine hata 3, vingine hawatoi, ila shule nyingi za udaktari huko zinataka uwe umesoma baiolojia na maabara yake chuoni, na baadhi hazipokei AP badala yake. Ataokoa hela kidogo labda, miaka haipungui.

Sasa kama hofu sio sababu na hela sio sababu, inabaki moja tu, unaipenda? Hapo usinijibu haraka. College Board, hao wanaotunga mitihani ya AP, wanaweka bure mtandaoni maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihisha, chukua swali moja refu, funga simu, jipe kama dakika 25, andika kwa mkono halafu jisahihishe bila huruma. Utashangaa manake hawakuulizi utaje hatua za mitosisi, seli kujigawa. Wanakupa jaribio la watu, tuseme enzaimu kwenye joto tofauti, na grafu yenye vile vistari vya juu na chini vya kuonyesha vipimo vinaweza kuyumba kiasi gani, wanauliza je kuna tofauti kati ya nyuzi 30 na 40? Ukisema ipo kwa sababu nguzo moja ni ndefu wakati vistari vinapandana, pointi imeenda. Halafu utabiri nini kitatokea jeni fulani ikiharibika na utetee utabiri wako. Ukimaliza hapo ukajikuta unataka kujua jibu hata kama umepata 2 kati ya 9, wewe ni wa kujisomea. Ukiona uchovu tu, msikilize mama.

Mimi naona ujaribu. Ila kabla hujanunua kitabu chochote nenda kwa mratibu wa AP hapo shuleni, yupo kwa sababu Kalkulasi na Kemia zipo, muulize kama atakuagizia mtihani wa Baiolojia. Shule hailazimiki kukubali, na wakikataa unahitaji muda wa kutafuta shule nyingine, kujiandikisha mwisho ni katikati ya Novemba. Ada ni karibu dola 100, kama kipato cha nyumbani ni kidogo ulizia punguzo, usione aibu.

Kusoma kwenyewe yuniti ziko nane na hazina uzito sawa, uteuzi asilia ndo inabeba zaidi, na ile ya jinsi seli inavyopata na kutumia nishati ndo inayowakwamisha wengi kwa hiyo ipe wiki za kutosha. Khan Academy, tovuti ya masomo, wana kozi nzima bure. Kinachokosekana ukiwa peke yako ni maabara, na hapo usidanganyike kwamba video inatosha: kata viazi vipande sawa, pima kwa mizani ya jikoni, loweka kwenye maji yenye chumvi ya viwango tofauti, kesho yake pima tena uchore grafu kwa mkono. Hiyo osmosisi, maji kuingia na kutoka kwenye seli, hutaisahau, na kuchora grafu ni pointi kabisa kwenye mtihani. Wenyewe ni masaa matatu, maswali 60 ya kuchagua kwenye kompyuta na sita ya kuandika.

Ikifika likizo ya Krismasi na Kemia imeshuka, acha Baiolojia, nasema kweli, Kemia ina mwalimu na inaonekana kwenye cheti chako cha shule, hii ya kujisomea itaonekana alama tu. Ongea na mama umwambie tarehe hiyo mapema, akijua kuna siku ya kuangalia upya hatakusumbua kila jioni. Na baba mwombe kitu kimoja, Jumapili akae na ule mwongozo wa kusahihisha mkononi wewe umweleze jibu kwa Kiswahili, ukishindwa kumwelewesha yeye ujue bado hujaelewa, rudia.