Duke au North Carolina: nani alitarajiwa kutamba ACC msimu wa 2024–25?

Ndugu, umeuliza kama Duke ndiyo ilikuwa timu ya kuogopwa zaidi katika ACC, ligi ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, msimu wa 2024–25, au North Carolina nayo ilikuwa na nafasi. Kwa maoni yangu Duke ilikuwa imetangulia, kwa sababu kocha Jon Scheyer alikuwa amempata Cooper Flagg, kijana aliyeanza msimu akiwa na miaka 17, aliyefunga, kuzuia na kugawa mipira kwa ustadi uleule, na karibu na kikapu alisimama Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda (jirani yetu, kwa hiyo nakiri upendeleo kidogo), ambaye urefu wake uliwalazimisha wapinzani kurusha kutoka mbali. North Carolina ilimtegemea RJ Davis, mchezaji bora wa ACC msimu wa 2023–24, lakini kuondoka kwa Armando Bacot kulikuwa kumeacha pengo ambalo sikuona nani angeliziba. Virginia, iliyoachwa na kocha Tony Bennett mwezi Oktoba 2024, sikuiwekea matumaini. Hata hivyo, NC State hawakuwa wa kudharauliwa: Machi 2024 waliingia mashindano ya mwisho wa msimu ya ACC wakiwa nafasi ya 10, wakashinda mechi tano katika siku tano na kutwaa ubingwa.