Samweli alikuwa hamjui Bwana bado

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ukihisi Mungu anakuita umtumikie lakini moyo umejaa mashaka, uitikie au usubiri mpaka upate uhakika?" Mimi nasema uitikie. Ila uitikie kwa kazi ndogo iliyo karibu nawe, na uwaachie wenzako sehemu ya kuamua kama kweli umeitwa. Uhakika mwingine utaupata njiani na mwingine hutaupata kabisa. Mimi ni mwinjilisti wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, katika mtaa mmoja wa Old Moshi. Kabla ya hapo nilikaa miaka mingi kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, nikiandika risiti za mabati na nondo.

Kuna jambo linanikera, acha niliseme kwanza. Huku kwetu mtu akisema ameitwa, watu wanataka hadithi. Ulisikia sauti? Uliota nini? Uliponywa ugonjwa gani? Kwenye mikesha ushuhuda usio na kishindo unapigiwa makofi ya huruma, halafu kipaza sauti kinapewa mwingine. Wangu ni wa makofi ya huruma. Umoja wa wanawake ulikuwa unatembelea wagonjwa Jumamosi, na bibi mmoja aliyepooza akanizoea mimi ndiye nimsomee zaburi. Nisipokwenda anauliza. Baadaye wakaanza kuuliza na wengine. Mchungaji akaniambia, "Dada, hujawahi kufikiria kwenda Mwika?" Mwika, kwa msomaji wa mbali, kuna chuo cha Biblia cha dayosisi yetu, ukipita Marangu. Nilicheka, nikamwambia mimi ni mtu wa saruji. Lakini usiku sikulala vizuri, na sikujua kama ni Roho Mtakatifu ananisumbua au ni kuchoka na bosi.

Watu wa ishara walinitajia Samweli: subiri uitwe kwa jina kama yeye. Basi nikaisoma ile sura ya tatu ya Samweli wa Kwanza polepole. Imeandikwa wazi kwamba "Samweli alikuwa hamjui BWANA bado". Mtoto amelala hekaluni, karibu na sanduku la Mungu, anaitwa kwa jina lake, na bado anakimbilia chumba kingine kumwambia mzee, "Mimi hapa, maana umeniita." Anafanya hivyo mara tatu. Sauti aliisikia, tena vizuri sana, asichokijua ni ya nani. Aliyetambua ni Eli, kuhani mzee ambaye macho yalikuwa yanafifia na wanawe walikuwa wamemshinda malezi. Wito mkubwa kama ule ulihitaji mtu wa pili, tena mtu mwenye dosari zake, ndipo ukaeleweka.

Na ujumbe wenyewe haukumtuliza. Aliambiwa kwamba nyumba ya Eli inahukumiwa, Eli huyohuyo aliyemlea. Biblia inasema alilala hata asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya BWANA, na akaogopa kumweleza Eli maono yale. Nikihubiri sura hii huwa nakaa hapo kwenye milango. Mtoto ana hofu, hajui atasema nini, lakini kumekucha na kufungua milango ni zamu yake. Hakuambiwa na mbingu aifungue. Ilikuwa kazi ya jana na ya juzi.

Sisi Walutheri tuna bahati katika hili, ingawa vijana wengi huiona ni urasimu. Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu la mwaka 1530, kifungu cha 14, linasema mtu asifundishe kanisani hadharani wala kutoa sakramenti kama hajaitwa kwa utaratibu. Yaani hata ukiwa na moto kifuani kiasi gani, lazima wengine wakuite. Nilipofika mbele ya baraza la wazee nilikuwa nimejiandaa kueleza hisia zangu. Hakuna aliyeziulizia. Mzee mmoja aliuliza kama nina madeni. Mwingine akasema, "Mwanangu, dukani mtu asipolipa unamfungia mlango. Huku asiyelipa ndiye utakayemfuata nyumbani. Utaweza?" Nilijibu sijui. Wakaandika kwamba nianze kufundisha kipaimara Jumamosi wakati wananitazama. Ile "sijui" yangu haikuwashtua hata kidogo. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, kwa sababu mzigo wa kuhakikisha haukuwa wangu peke yangu tena.

Sasa nizungumzie mashaka yenyewe, maana mahubiri mengi yanayafanya yawe ya kiroho mno. Mimi sikuwa na shaka kama Mungu yupo. Nilikuwa na shaka kuhusu ada. Mdogo wangu alikuwa ameingia chuo, mkopo ameupata nusu, na nusu nyingine ilikuwa inatoka kwenye mshahara wa mabati. Posho ya mwinjilisti mnaijua. Mama yangu, mwanamke wa sala kuliko mimi, alikaa kimya siku nzima, jioni akaniambia, "Amri ya nne bado ipo kwenye Katekismo, au wameiondoa?" Waheshimu baba yako na mama yako. Huku Uchagani mtoto aliyesoma na kupata kazi ni wa ukoo mzima. Ana nyumba ya kumalizia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, ana wadogo, ana michango ya misiba. Kumwambia mtu kama huyo "acha yote umfuate Yesu" ni kumwambia awaachishe na wengine ambao hawakuulizwa.

Baadaye chuoni nilikuta kwamba Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alitupiwa amri hiyohiyo. Alikuwa mwanafunzi wa sheria, baba yake akitegemea mwanasheria katika familia. Julai 1505 radi ikampigia karibu, njiani, akapiga kelele kwa hofu kwamba akipona atakuwa mtawa. Akawa mtawa. Mwaka 1507, siku ya misa yake ya kwanza, baba yake akamuuliza mbele ya wageni kama hajasikia kuwa mtoto anapaswa kuwatii wazazi, na kama ile radi haikuwa mazingaombwe ya shetani. Swali lile lilimchoma miaka mingi. Na kweli utawa aliuacha, mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, naye mtawa wa zamani. Kwa hiyo kanisa letu lenyewe, lenye utaratibu na mihuri yake yote, lilipitia kwa mtu aliyeanza kwa kiapo cha woga, ambacho baba yake alikikataa na yeye mwenyewe akaja kukiacha. Sijui watu wa "uwe na uhakika kwanza" wangemfanyia usaili namna gani.

Mnataka kujua ada iliishaje? Mungu hakushusha bahasha. Mjomba alitoa kidogo, mama akauza ng'ombe, na mdogo wangu aliahirisha mwaka mmoja wa chuo. Alikasirika na nadhani ana haki. Leo ana kazi Arusha na watoto wawili, tunapigiana simu, lakini ule mwaka hatujawahi kuuzungumzia mpaka mwisho. Naliandika hili kwa sababu shuhuda nyingi hukata filamu kabla ya sehemu hii. Ukiitikia wito, gharama yake huwa inaangukia na watu wengine. Kaa nao chini kabla hujaondoka.

Kuna kipimo kingine kinachopendwa sana, cha milango: kama ni wa Mungu milango itafunguka yenyewe, ikifungwa ujue siyo. Ningependa wanaosema hivyo wapande hiace ya Usa River washuke waende Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa shirika la Leipzig la Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika pale Meru kuanza kazi na wakauawa muda mfupi tu baada ya kufika. Walionekana kuwa watu wa boma la Wajerumani, na ukitazama majira yale huwezi kuwalaumu wenyeji kwa kufikiri hivyo. Wajerumani wakalipiza kisasi kibaya kwa Wameru na Waarusha, watu wakafa na mifugo ikachukuliwa. Mwaka 1902 wamisionari wengine wakaja, wakaanza Nkoaranga. Leo Meru ni dayosisi nzima. Sasa mlango ulikuwa umefungwa au umefunguliwa? Mimi siwezi kusema kwa furaha kwamba "Mungu alikuwa na mpango" wakati damu ya Wameru ipo kwenye hesabu hiyohiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba ukitazama mambo yanavyokwenda, vizuri au vibaya, huwezi kusoma hapo nani aliitwa.

Wanaonigusa zaidi ni wale wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani huku kaskazini. Shule na sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, Wachaga, Wameru na Waarusha, watu ambao hawakuwa wamebarikiwa uchungaji. Wachungaji wa kwanza wenyeji walikuja kubarikiwa katika miaka ya 1930. Fikiria mwalimu wa kijiji mwaka ule: waliomfundisha wameondoka, hajui kama watarudi, mshahara hauelezeki, na wazee wa ukoo wanamwambia ile dini yenu imekwisha. Jumapili inafika. Anapiga kengele. Stefano Moshi, aliyezaliwa Mamba mwaka 1906, alikua katika miaka hiyo, akawa mwalimu kwanza, akaja kuwa mchungaji, na KKKT ilipoundwa mwaka 1963 yeye ndiye akawa mkuu wake wa kwanza. Nani alimfungulia shule na ibada alipokuwa kijana? Walimu wa aina ile.

Na kama bado unadhani shaka inakuondoa kwenye orodha, tazama mwisho wa Mathayo, pale mlimani Galilaya: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Mstari unaofuata Yesu anaanza kuwatuma. Hakusema wenye shaka wabaki bondeni kwanza. Agizo tunaloliweka kwenye mabango ya kila mkutano wa injili lilitolewa kwa kundi lililochanganyika.

Njaa ya uhakika inaweza kuwa hatari, hapa Moshi tunajua. Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakisongamana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Sisemi hawakuwa na imani. Nimezungumza na waliokuwepo, walikuwa na wagonjwa, madeni, watoto wasio na kazi. Walitaka jambo moja waliguse kwa mguu, lisilo na "labda". Ninapomwona kijana anazunguka kwa nabii huyu na yule akitafuta atakayemthibitishia wito, tena kwa sadaka, huwa namwita tu, namwambia aje Jumamosi tuende kwa wagonjwa. Wengine hawaji. Wanaokuja, baada ya miezi kadhaa hujulikana, na mara nyingine kinachojulikana ni kwamba huyu si mwinjilisti, huyu ni nesi, au ni mtu mzuri sana wa hesabu za usharika. Huo nao ni wito.

Kuna mashaka ya kusikilizwa, nisije nikaonekana nayadharau yote. Mkeo au mumeo akikupinga, msikilize. Kama kazi imekushinda na unatafuta pa kujificha, wazee watakunusa. Kama unavutiwa zaidi na kola ya mchungaji kuliko kumwosha mgonjwa, hayo si mashaka, ni jibu. Lakini woga wa kuongea mbele za watu, kutojua vifungu, kukaa wiki nzima ukisali bila kuhisi chochote, hayo ninayo mpaka leo. Nilipoongoza mazishi kwa mara ya kwanza, mzee mmoja alisema kwa sauti, nisikie, "Leo tunazikiwa na mwanamke?" Magoti yalitetemeka, nikasoma liturujia kama ilivyo kitabuni. Kitabu cha ibada ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye mashaka, maneno yapo tayari, wewe toa sauti tu. Mzee yule alikuja kunisalimia mwishoni. Hakuomba radhi wala sikutegemea.

Sasa baraza limeniuliza kama nitaomba kwenda Makumira kusomea uchungaji. Kanisa letu linabariki wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo kikwazo si hicho. Kikwazo ni umri wangu, ni mama ambaye sasa yeye ndiye anayenihitaji nyumbani, na ni Kigiriki, maana nimekiona kwenye daftari la mwenzangu na sikukipenda. Sina ndoto ya kuwaletea. Nimewaambia wakamuulize mama kwanza, kisha wale ninaowatembelea Jumamosi, halafu waniambie wao. Kikao ni mwezi ujao.

Mwinjilisti, Old Moshi