Jengeni kwa ajili ya anayengoja mlangoni

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa na fedha za kutengeneza mbele ya nyumba yako tu, kuanzia kidato cha kwanza cha ngazi hadi mlangoni, ungefanya nini?" Fedha hizo nilikuwa nazo mwaka jana, na kazi hiyo niliifanya mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili vizuri. Kwa hiyo nawajibu kwa yale yaliyonipata.

Tunakaa Mpumudde, hapa Jinja, Uganda. Nyumba ni vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, paa la mabati, na mlango wa chuma unaotazama magharibi. Ilijengwa bila kibaraza. Ukifungua mlango uko uani, na ukija kupiga hodi, au koodi kama wengi wanavyosema huku, unaipiga ukiwa juani au mvuani. Mama yangu mzazi ana miaka 78, anaishi nasi, na anatembea kwa bakora. Wanaokuja kumwamkia ni wazee wenzake. Nimewakuta mara nyingi wameegemea ukuta, viatu mkononi, wakingoja aliye ndani ajisitiri awafungulie. Hilo ndilo lililonifanya nijenge. Ushauri wangu wote unatoka hapo: kabla hujafikiri rangi wala vigae, mfikirie mtu ambaye bado hajaingia. Ataketi wapi? Atasimama kwenye nini? Maji yatampitia wapi?

Neno lenyewe linatufundisha. Kwa Waswahili wa pwani, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele. Mgeni anaketi, anapewa kahawa, anazungumza shida yake na kuimaliza bila kuingia ndani kwa watu. Waganda walilichukua neno hilo, kwao likawa olubalaza. Lakini wazo la kumpokea mtu kabla ya mlango halikuhitaji kuletwa kutoka pwani. Ukienda Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, huingii moja kwa moja uwanjani. Unapita kwanza Bujjabukula, nyumba ya lango yenye nguzo za miti na kuta za matete, ambamo walinzi walikuwa wakimtazama kila anayekuja. Lamu, mji wa Waswahili pwani ya Kenya, na Kasubi ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 2001, na kote kuwili utaona kwamba kati ya njia na nyumba pameachwa mahali pa mgeni kutulia.

Hapa mjini tunao mfano wa karibu zaidi. Tembea Main Street siku ya mvua. Maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi yana paa lililotokeza mbele juu ya nguzo, na chini yake fundi cherehani anashona, mama anauza njugu, na mpita njia asiyenunua chochote anajikinga. Waliojenga vile walimfikiria hata mtu wasiyemjua.

Sasa niwaeleze kosa. Fundi wa kwanza nilimwonyesha picha kwenye simu: vigae vinavyong'aa na nguzo mbili nene. Alimaliza kwa siku nne mwezi wa Februari. Sakafu ya kibaraza aliilinganisha na ya sebule ili, kwa maneno yake, watu wasijikwae. Ilipendeza, sikatai, nami nilimlipa kwa furaha. Kisha zikaja mvua za Machi. Huku kando ya Ziwa Victoria mvua mara nyingi huja na upepo, inapiga kwa ubavu na kuingia chini ya paa mpaka ukutani. Maji yalijaa juu ya vigae, yakapita chini ya mlango, tukaamka usiku wa manane kunyanyua mikeka na magodoro. Asubuhi Mama alitoka kabla sijapiga deki. Akakanyaga kigae chenye maji, akaanguka kwa ubavu. Namshukuru Mungu hakuvunjika, lakini kwa wiki tatu hakuthubutu kutoka nje peke yake. Kila nilipopita pale nilijiuliza nimemjengea nini mama yangu.

Fundi wa pili ni mzee mwashi wa Walukuba. Alikuja na vifaa vya kupimia usawa, pima maji na timazi, ndani ya mfuko, lakini hakuvitoa. Aliomba kikombe cha maji. Akakimwaga katikati ya sakafu, akachuchumaa, nami nikachuchumaa kando yake. Maji yalituama kwanza. Halafu ukachomoza mchirizi mwembamba, ukatambaa kwenye maungio ya vigae kuelekea mlangoni. Aliufuata kwa kidole polepole mpaka kizingitini, akainua uso. "Mama, umeona mwenyewe," akaniambia. Sakafu ilikuwa imeinamia nyumba.

Ilibidi kuvunja. Iliniuma, lakini hapakuwa na njia nyingine. Tulisubiri Juni, mvua zilipopungua, naye akajenga upya kwa vipimo ambavyo nimeviandika kwenye daftari. Sakafu ya kibaraza iko chini ya sakafu ya sebule kwa sentimita 5. Kutoka ukutani kwenda nje inashuka sentimita 2 kwa kila mita, na kwa kuwa kina chake, yaani kutoka ukutani hadi ukingo wa nje, ni mita 2, ukingo wa nje uko chini kwa sentimita 4. Jicho halioni tofauti hiyo, maji yanaiona. Vigae hatukurudisha. Alimalizia kwa saruji iliyochanganywa na ule unga mwekundu wa sakafu za zamani, na ilipokuwa bado mbichi akapitisha juu yake ufagio mgumu, mistari yote ikielekea nje. Ukipita bila viatu unaisikia mistari hiyo chini ya nyayo. Kisha kwa siku 7 tuliifunika magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, maana saruji ikinyang'anywa maji mapema na jua hupasuka. Kazi hii ya magunia mafundi wengi huiruka, na mwenye nyumba haoni aibu yake mpaka miezi sita baadaye. Simamieni wenyewe.

Kina cha mita 2 nacho tulikibishania. Fundi wa kwanza alikuwa ameweka mita 1.2, na viti viwili vilipowekwa, anayetaka kupita alilazimika kuwasimamisha waliokaa. Kiti na miguu ya mtu vinahitaji zaidi ya mita moja, halafu njia ya kupita iachwe sentimita 90. Chini ya hapo umejenga ujia, hujajenga mahali pa kuketi.

Vidato ndivyo vilivyonigusa zaidi. Kutoka uani hadi kibarazani ni sentimita 45. Mwanzo kulikuwa na vidato viwili virefu, na Mama alikuwa akivipanda kwa kushika ukuta. Nilitaka tuviondoe kabisa tuweke mteremko, lakini mzee akanipigia hesabu: mteremko salama wa kiti cha magurudumu unataka urefu mara 12 ya kimo, yaani sentimita 540, na ua wetu hauna mita hizo. Mwenye nafasi auweke, hata kama leo nyumbani hakuna anayeuhitaji. Sisi tuliweka vidato vitatu, kila kimoja kimo sentimita 15 na upana wa kukanyaga sentimita 30, na bomba la chuma la kushikia pembeni, sentimita 90 kutoka chini. Bomba lile lilikuwa likipata joto la kuunguza kwa jua la jioni, tukalizungushia kamba ya katani kutoka juu mpaka chini. Sasa Mama analishika bila kulitazama.

Benchi tulilijenga chini ya dirisha, matofali na plasta, urefu mita 2, kimo sentimita 48. Zingatieni kimo. Benchi la chini linamkaribisha mzee kuketi halafu linamnyima kuinuka. Chini yake tumeacha matundu mawili ya viatu, maana kwetu mgeni anavua viatu mlangoni hata ukimwambia aingie navyo, na msimu wa matope viatu hivyo vina kilo ya udongo. Kando ya kidato cha kwanza mzee alichimbia kipande cha chuma bapa, kimesimama wima kama kisu, cha kukwangulia nyayo. Karibu yake kuna jerikeni la bomba na sabuni, tuliloliweka wakati wa korona mwaka 2020 na hatukuona sababu ya kuliondoa.

Kuhusu paa, pimeni kwanza ukingo wa paa lililopo. Letu liko mita 2.6 kutoka sakafu ya kibaraza. Ukitoka nje mita 2 kwa mteremko mdogo unapoteza kama sentimita 35, unabaki na mita 2.25, mtu mrefu anapita. Lingekuwa la chini zaidi tungelazimika kuinua kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Mabati mapya lazima yaingie chini ya ukingo wa yale ya zamani, maji ya juu yaangukie juu ya mapya. Ukiyabandika ukutani tu kwa misumari, ufa kati ya bati na ukuta utavuja kila msimu hata uupake lami mara ngapi. Tulifunga na gata la kukinga maji. Paa la kibaraza, pamoja na lilivyotokeza pembeni, lina mita za mraba 10 hivi, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 20 ni lita 200, pipa zima, jerikeni kumi za lita 20 ambazo hakuna mtoto wa kuzibeba kutoka bombani.

Jua nalo lina hesabu yake. Uganda tumekaa juu ya Ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, kwa hiyo ukuta wa kaskazini au kusini unakingwa na paa fupi tu. Anayetazama mashariki au magharibi ndiye anayeteseka. Mlango wetu wa chuma, ukiugusa saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi, ulikuwa unarudisha mkono haraka. Paa peke yake halikutosha kwa sababu jua la saa hizo linaingia kwa chini. Tulitundika mkeka wa mafunjo unaokunjwa kwa kamba, upande wa magharibi tu, tunaushusha saa tisa na kuukunja jua likizama. Umegharimu kidogo kuliko kitu kingine chochote kwenye kibaraza kizima, na ndio ninaousifu zaidi.

Mlango sikuubadili, niliupaka rangi ya kijani. Mwenye mlango wa zamani wa mvule asiutupe kwa ajili ya chuma. Aukwangue, aupake mafuta, atakuwa na kitu ambacho mchwa wanakihangaikia bure. Taa iwekwe mbali na mlango, kwenye kona ya nje, na iwe ya manjano. Mvua ikianza kumbikumbi huifuata taa, na taa ikiwa juu ya mlango wataingia nawe sebuleni.

Majirani wamenishauri nizibe mbele yote kwa vyuma, kama nyumba nyingi za mjini. Nawaelewa, wizi upo. Lakini vyuma nimeviweka kwenye mlango na madirisha, kibaraza nimekiacha wazi. Nikikifunga, mzee anayekuja kumwona Mama atarudi kule kule kusimama nje akingoja kufunguliwa, na nitakuwa nimejenga mara tatu. Kuhusu nguzo nene, nawaomba radhi wanaozipenda. Paa la mabati ni jepesi, nguzo mbili za matofali zenye upana wa sentimita 23 zinalibeba bila taabu, na nafasi iliyobaki inakaliwa na watu.

Kwa aliyepanga, asiyeweza kugusa ukuta wa mwenye nyumba: benchi la mbao, mkeka wa kushusha, na kokoto mbele ya mlango. Kokoto msizidharau. Udongo wetu mwekundu unaruka mvua ikipiga, unachafua ukuta mpaka kimo cha goti, ndiyo maana nyumba nyingi huku zimepakwa rangi nyeusi chini. Ukanda wa kokoto wenye upana wa sentimita 60 unalituliza tone la mvua kabla halijarusha udongo.

Mvua za Septemba hadi Novemba zimepita juu ya kibaraza hiki. Usiku wa kwanza niliamka nikashika tochi, nikapapasa nyuma ya kizingiti kwa kiganja. Pakavu. Asubuhi Mama alikuwa benchini amekunja kanga magotini, anachambua maharage, na mwenzake mmoja kando yake, viatu vimo kwenye tundu. Kokoto zilizobaki nimezirundika nyuma. Zitakwenda upande wa jiko kabla ya mvua za Machi.

Msomaji wenu,
Mpumudde, Jinja