Ukimsindikiza mama aliyepigwa: yanayosaidia hapa Kigoma

Mwanamke akipigwa na mumewe, mara nyingi haanzii polisi. Anaanzia kwa jirani, kwa shoga yake, au kwa wifi anayemwamini. Kwa hiyo nakuandikia hasa wewe unayebishiwa hodi saa sita usiku. Mimi nilisindikizwa na jirani yangu pale Ujiji, na tangu hapo nimewasindikiza wengine wa Gungu, Katonga na Mwandiga. Nimeona wengi wanaokwenda peke yao wakirudishwa na neno moja tu mlangoni: "Hayo ya ndani, kayamalizeni nyumbani." Mimi niliambiwa hivyo hivyo kwenye kituo kimoja. Jirani yangu hakuinuka kwenye benchi. Alisema tunasubiri afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto, tukamsubiri mpaka akaja.

Tuanze na mwili. Anayevuja damu, aliyepigwa kichwani, au mjamzito aliyepigwa tumboni, mkimbize hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, na mtu mwingine afuate polisi PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Kama hali yake inaruhusu, pitieni polisi kwanza. Fomu hiyo haiuzwi. Daktari anaijaza, kisha inarudi polisi kuwa ushahidi. Mhimize amwonyeshe daktari kila alipoumia, hata penye kufunikwa na nywele au khanga, kwa sababu kesi ikifika mahakamani uvimbe umeshashuka na kinachosomwa ni maandishi ya daktari.

Kama ameingiliwa kwa nguvu, asioge na asifue nguo alizovaa. Zifungeni kwenye karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Hili msilicheleweshe kwa kusubiri mjomba afike kutoka Kasulu.

Polisi ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo anatakiwa aeleze faragha, si kaunta mbele ya watu. Ombeni namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa mliyotoa, na iandike pia kwenye simu yako. Kisha yaja maelezo, na hapa ndipo msindikizaji ana kazi kubwa. Mama mmoja niliyekwenda naye amezoea Kiha. Kiswahili anakisema kwa shida, tena siku ile alikuwa anatetemeka. Niliomba maelezo yasomwe kwa sauti kabla hajatia dole gumba. Makofi yalikuwemo, lakini panga alilotishiwa nalo halikuwemo kabisa. Afisa akaongeza bila ubishi. Bila kusomewa, lile panga lingebaki mdomoni mwake tu.

Baada ya siku mbili tatu ndugu watakuja na kikao. Sina chuki na wazee, na kuna ndoa zilizopona kwa kikao. Ila kikao hakifuti kosa la kupiga, wala hakuna mzee mwenye mamlaka ya kumwamuru mama arudi kwenye nyumba anayotishiwa kuuawa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Baraza la usuluhishi la kata, la BAKWATA au la kanisa lina nafasi yake anapotaka talaka, kwa kuwa kwa kawaida mahakama hudai hati ya baraza kwanza. Shauri la kipigo ni jingine, halisubiri baraza.

Kinachowarudisha wengi ni hofu ya watoto kulala njaa. Mume ndiye mwenye mtumbwi, au ndiye mwenye shamba la michikichi, na mama anaamini akitoka anatoka mikono mitupu. Si kweli. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa matunzo ya watoto aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa msaada wa kisheria wa bure, afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kumwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Mtoto akiwa ndiye anayeumizwa, simu 116 ni bure.

Anayebaki nyumbani kwa sasa msimlaumu. Anaijua hatari yake kuliko sisi. Mtunzie kwako kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na nauli. Abadilishe namba ya siri ya simu. Wewe usiende kumkaripia mume, maana hasira yake itamwishia mama usiku huohuo.

Wanaume wanaopigwa wapo, na dawati ni lao pia. Waende.

Kesi ikifunguliwa, andika tarehe za mahakama ukutani kwako, kwa sababu yeye atakuwa na watoto, kibarua na simu za mashemeji wanaombembeleza aifute. Siku moja kabla, mpigie umuulize mnakutana wapi asubuhi.