Mafuta yanapita Tanga, mgao wetu uko wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi niko Chongoleani, bomba la kutoka Hoima linaishia hapa kwetu. Nasikia Nigeria majimbo yenye mafuta yanakatiwa asilimia kabisa, mbona sisi mkoa hatupati kitu kama hicho?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nigeria ni shirikisho, na hata huko mafuta si ya jimbo, katiba yao ya 1999 inasema ni mali ya serikali ya shirikisho, ila ikaweka kwamba mapato yake yasiyopungua asilimia 13 yarudi kwenye majimbo yanakotoka, afu sheria ya 2021 ikaongeza kwamba makampuni yachangie mfuko wa jamii zinazoishi jirani na visima. Kanada ndo kinyume, kule jimbo kama Alberta linamiliki lenyewe na linatoza mrabaha wake, yaani malipo ya kampuni kwa mwenye mafuta.

Sasa sisi mikoa yetu si majimbo, haina bunge wala katiba, na mafuta ya bomba lile yanachimbwa Uganda, Tanga ni njia na bandari tu, kwahiyo hata kwa sheria ya Nigeria msingedai ile 13. Zanzibar ni habari nyingine: mafuta yako kwenye orodha ya mambo ya Muungano lakini sheria ya 2015 ikawaachia wasimamie ya kwao, na 2016 wakatunga sheria yao.

Mnachoweza kudai nyie ni fidia ya ardhi, ajira, na zabuni kwa wenyeji, na hapo msilale jamani, ulizeni kwa maandishi halmashauri imeingiza nini kutokana na mradi na kimeenda wapi, ni haki yenu kabisa.