Maswali Yenu: Imeingiza Mamia ya Mamilioni, Faida Iko Wapi?

"Muvi imetumia dola milioni 200 imeingiza 300, mbona wanasema hasara?"

Hili swali jamani haliishi. Hela ya tiketi haiendi yote studio! Wenye kumbi wanabaki na karibu nusu, na China ndo kabisa, studio ya nje inaondoka na kama robo tu. Kwa hiyo kwenye hiyo 300 studio imeshika labda 140, na ile 200 ni ya kutengeneza tu, hapo hujagusa trela, mabango, mastaa kuzungushwa nchi hadi nchi, ambayo kwa muvi kubwa inaweza kufika milioni 100 nyingine. Mtu akiposti "imesharudisha hela" eti kwa sababu mauzo yamefikia bajeti, mpite tu.

"Kwa nini siku hizi ni muvi za mwendelezo tu?"

Kwa sababu mnazilipia.

"Muvi moja inaweza kweli kuzamisha studio?"

Inaweza, ilishatokea. Heaven's Gate ya 1980 ilikula kama milioni 44, Marekani ikaambulia milioni 3 na ushee, mwaka uliofuata United Artists, studio iliyoitoa, ikauzwa kwa studio nyingine, MGM. Sasa linganisha na Disney, Machi 2012 walitangaza hasara ya kama milioni 200 kwa muvi ya John Carter peke yake, Mei wakaachia The Avengers ikaingiza bilioni 1.5, kelele zikaisha. Ndo biashara yenyewe hiyo, moja inabeba madeni ya wenzake. Ila mimi naona wanacheza kamari, maana ukiua muvi zote za bajeti ya kati ukabaki na tano kubwa, mwaka zikibuma tatu utamlilia nani? Get Out ya 2017 ilitengenezwa kwa milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya 250, na bado mabosi wanaona muvi ndogo ni za kujazia ratiba.

"Mimi mwigizaji, nimeahidiwa asilimia ya faida halisi. Nisaini?"

Usisaini!! Faida halisi wanaipiga hesabu wao wenyewe, watakata ada ya usambazaji, watakata promosheni, watakata riba, hadi ikufikie wewe ni sifuri. David Prowse, yule aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader kwenye Star Wars, mwaka 2009 alisema bado anaandikiwa barua kwamba Return of the Jedi ya 1983 haijapata faida. Return of the Jedi! Omba asilimia ya mauzo ghafi, yaani hela iliyoingia kabla ya makato yao, wakigoma chukua hela yako yote mbele.