Kope la mama limebinuka: ni uzee tu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74. Kope lake la chini la jicho la kulia limebinukia nje, wekundu wa ndani unaonekana na machozi humtiririka kutwa. Anasema ni uzee tu. Tumwache?

JIBU: Marahaba. Uzee ni kweli, ila hiyo "tu" naikataa. Kano zinazolishikilia kope kwenye pembe za jicho hulegea kadiri miaka inavyokwenda, kope likaacha kulikumbatia jicho. Kitundu cha kupitishia machozi, kilicho upande wa pua, nacho hugeukia nje, ndiyo maana shavu halikauki. Livute kope chini taratibu, kisha uliachie kabla hajapepesa. Kope imara hurudi papo hapo. Lililolegea hubaki likining'inia.

Mwambie asifute machozi kwa kuvuta chini, maana hapo analilegeza zaidi. Malhamu ya kulainisha jicho usiku itampa nafuu, lakini kinachoponya ni upasuaji: kwa ganzi ya sindano, kope hukazwa kwenye pembe ya nje na kushonewa kwenye utando wa mfupa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari mapema, wala asiziache mwenyewe.

Na kope likigeukia ndani, nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho, msingoje hata wiki.